Profesa, Sema Tukuelewe: Namna ya Kuufikisha Utafiti Wako kwa Watu wa Nje ya Chuo

Kizuri chajiuza, ndivyo wanataaluma wengi wanavyojifariji. Makala imeshatoka kwenye jarida, wahakiki wameipitisha, anayeihitaji ataitafuta. Lakini anayeihitaji kwa kawaida hajui hata kama ipo. Akibahatika kuiona, anakuta inalipiwa. Akilipia, anakutana na muhtasari wenye sentensi ya maneno sitini, na hapo ndipo anapofunga ukurasa na kurudi kumsikiliza yule jamaa wa mtandaoni asiyejua chochote lakini anaeleweka.

Mwongozo huu ni wa mhadhiri au profesa aliyekwishaamua kusema, ila hajui aanzie wapi. Msimamo wangu utauona kila hatua, kwa hiyo niuseme mapema: unapotoka nje ya chuo unabeba mizigo miwili. Wa kwanza ni kile ulichokigundua. Wa pili ni kiasi cha uhakika ulionao. Watu wengi hufika na wa kwanza, wa pili wameudondosha njiani.

Hatua ya 1: Hakikisha jambo lenyewe liko tayari kusemwa

Tarehe 23 Machi 1989, wanakemia wawili, Stanley Pons na Martin Fleischmann, waliita waandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Utah na kutangaza kwamba wamefanikiwa kuunganisha viini vya atomi kwenye chombo cha mezani, bila lile joto la kutisha linalohitajika kwa kawaida. Dunia nzima ilishtuka. Maabara nyingi zikajaribu kurudia, na nyingi zikaambulia patupu. Wawili hao walikuwa wanakemia wa kuheshimika, lakini leo wanakumbukwa kwa mkutano ule.

Kwa hiyo jiulize kwanza: je, wataalamu wenzako wameipitia kazi hii? Kama bado ni rasimu iliyowekwa mtandaoni kabla ya uhakiki, unaweza kuizungumzia, lakini sema hivyo mapema, siyo mwishoni kwa sauti ya chini.

Kisha angalia masharti. Majarida mengi huweka zuio la tarehe: mpaka siku fulani, saa fulani, hakuna kutangaza. Mwaka 1969 Franz Ingelfinger, mhariri wa jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, aliweka kanuni ya kutopokea makala ambayo matokeo yake yamekwisha kutolewa kwingine, na sura mbalimbali za kanuni hiyo bado zipo katika majarida mengine. Kutoa mada kwenye mkutano wa kitaaluma mara nyingi hakuna neno. Kuita redio ni habari nyingine. Soma kanuni za jarida lako kabla ya kukubali mahojiano.

Kama kazi yako ina kifaa, dawa au mbinu inayoweza kulindwa kwa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, simama hapohapo. Katika nchi nyingi, zikiwamo za Ulaya, ukikitangaza kitu hadharani kabla ya kuwasilisha maombi, kinahesabika si kipya tena na haki inapotea. Marekani hutoa nafasi ya mwaka mmoja, lakini usijenge mipango yako juu ya huruma ya nchi moja. Pita kwanza ofisi ya chuo inayoshughulikia mambo ya uvumbuzi.

Halafu kuna watu. Waandishi wenza wajue unachokwenda kusema. Na kama kazi ngumu ilifanywa na mwanafunzi wako wa uzamivu, mtaje kwa jina mbele ya kipaza sauti, au bora zaidi, mwache aseme yeye.

Wapo wengine ambao husahaulika kabisa: walioshiriki. Waliokupa damu, majibu, saa zao za jioni. Hawa ndio wanaopaswa kusikia mwanzo kabisa, kabla ya gazeti. Hata ukurasa mmoja wa lugha nyepesi unatosha. Hakuna kinachovunja imani kama mtu kusikia habari za ugonjwa wake redioni, kutoka kwa yule aliyemwahidi kwamba atamrudishia majibu. Na kumbuka kwamba kuficha jina si kumficha mtu. Kama wenye maradhi adimu ni watano tu, kila mmoja wao atatambuliwa na jirani zake kwa umri na kazi yake tu.

Hatua ya 2: Umma haupo, mtafute mtu mmoja

Ukimwambia profesa aandike kwa ajili ya umma, ataandika kwa ajili ya profesa mwingine aliyechoka. Umma ni neno la kwenye maombi ya ruzuku. Wanaosoma ni mama ambaye mtoto wake ana kifafa, fundi umeme anayependa habari za nyota, diwani anayepigia kura bajeti kesho, mwalimu anayetafuta mfano wa kuwaonyesha darasa.

Chagua mmoja. Ikiwezekana awe mtu unayemjua kweli: shangazi, dereva unayesafiri naye, rafiki uliyesoma naye mkaachana njia. Andika juu ya karatasi: huyu anajua nini tayari? Ana hofu gani? Akimaliza kunisikiliza atafanya nini tofauti?

Swali la mwisho linaweza kuwa na jibu la “hakuna”, na si aibu. Anayechunguza mashimo meusi angani hana ushauri wa kumpa mtu kuhusu kesho yake. Asilazimishe. Watu wana udadisi, na udadisi nao ni haja. Nimechoka kusikia kazi nzuri za hisabati zikimalizwa kwa ahadi kwamba siku moja huenda zikasaidia kutibu saratani.

Hatua ya 3: Andika sentensi moja, kisha uipige msasa

Mwaka 1990, Elizabeth Newton wa Chuo Kikuu cha Stanford alifanya jaribio ambalo kila mhadhiri angefaa kulifanya nyumbani. Aliwapa watu nyimbo maarufu, akawaambia wagonge mapigo yake mezani kwa kidole, na wenzao wabahatishe ni wimbo gani. Wagongaji walitarajia kwamba nusu ya nyimbo zitatambuliwa. Kati ya nyimbo 120, zilizotambuliwa zilikuwa 3.

Mgongaji anausikia wimbo mzima kichwani: ala, maneno, sauti. Msikilizaji anasikia ngo, ngo, ngo. Profesa aliyekaa na somo lake miaka ishirini ni mgongaji. Haamini kwamba wimbo hausikiki.

Dawa yake ni sentensi moja, ya matokeo. Chukua mfano huu nilioutunga, wa aina inayopatikana kila jarida:

“Utafiti huu ulilenga kuchunguza uhusiano uliopo baina ya muda wa matumizi ya vifaa vyenye skrini nyakati za usiku na ubora wa usingizi miongoni mwa vijana balehe wenye umri wa miaka 14 hadi 17.”

Hapo bado hujaambiwa kitu. Unajua walilenga, hujui walipata. Mwandishi wa habari mwenye haraka ataigeuza hivi: “Simu zaua usingizi wa vijana.” Sasa kuna habari, ila si ya kweli, kwa sababu utafiti wa namna hiyo haukuonyesha nani kamsababisha mwenzake. Ya kwangu ingekuwa:

“Vijana wanaoshika simu kitandani hulala vibaya kuliko wenzao. Kama ni simu inayowanyima usingizi, au ni usingizi uliokataa kuja ndio unaowafanya waishike simu, bado hatuwezi kusema.”

Imekuwa sentensi mbili, najua. Lakini angalia ile ya pili. Ndiyo inayobeba ule mzigo wa uhakika, na wala haichoshi. Pengine inavutia kuliko ya kwanza, kwa sababu kila aliyewahi kukesha na simu anajiuliza swali hilohilo.

Ukishaipata sentensi yako, msomee yule mtu wako mmoja. Usimuulize kama ameelewa. Atasema ndiyo kwa adabu. Mwombe akueleze yeye, kwa maneno yake. Panapopinda ndipo pa kurekebisha. Kisha jenga yote mengine kwa kwenda kinyume na makala ya jarida: matokeo kwanza, kwa nini ni muhimu, mlijuaje, na historia ya uwanja wenu mwisho kabisa, kama nafasi imebaki.

Hatua ya 4: Jihadhari na maneno unayodhani ni mepesi

Maneno magumu hayana hatari kubwa. Msikilizaji akisikia “usanisinuru” na asilijue, anajua kwamba halijui, na anaweza kuuliza. Hatari iko kwenye maneno ya kila siku ambayo chuoni yana maana nyingine.

“Chanya” ni mfano mzuri. Mtaani mtazamo chanya ni jambo la kusifiwa. Maabara, kipimo kikitoka chanya, ugonjwa upo. Nimewahi kumwona mtu akitabasamu kwa kuambiwa majibu yake ni chanya, na aliyempa majibu hakugundua chochote.

“Nadharia” kwa mwanasayansi ni maelezo yaliyopimwa mara nyingi yakasimama. Kwa watu wengine ni kinyume cha vitendo: “hiyo ni nadharia tu.” Ukisema nadharia ya mageuzi bila kufafanua, umeshaipunguzia nguvu mwenyewe. “Upendeleo” katika takwimu ni kipimo au sampuli kuegemea upande mmoja. Nje ya takwimu ni kumpa ndugu yako kazi. Ukikiri kwamba utafiti wako “una upendeleo”, umejishtaki. Vivyo hivyo “makosa ya vipimo”, ambayo kwako ni kawaida ya kila kifaa, kwa msikilizaji yanasikika kama uzembe. Sema “kipimo chetu kinaweza kuzidi au kupungua kidogo.” Hata “sampuli” huwapeleka wengi moja kwa moja kwenye kikopo cha hospitali. Sema “watu tuliowahoji.”

Istilahi moja au mbili zikibidi, zibaki. Ieleze mara moja, kisha itumie hiyohiyo hadi mwisho. Ukibadilibadilisha ili kupendezesha lugha, msomaji atadhani unazungumzia vitu viwili. Na usimbebeshe maneno ya kamusi ambayo hata wewe umeyatafuta jana usiku.

Hatua ya 5: Namba moja ikitamkwa vibaya

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wasomi wazuri wanapoanguka.

Oktoba 1995, kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ilitoa onyo kwamba vidonge fulani vipya vya uzazi wa mpango viliongeza mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Mara mbili, yaani asilimia 100. Wanawake wengi wakaogopa na kuacha vidonge. Mwaka uliofuata, England na Wales zilikadiriwa kuwa na utoaji mimba wa ziada upatao 13,000. Sasa tazama namba zenyewe: kwa vidonge vya zamani, tatizo hilo lilimpata takribani mwanamke 1 kati ya 7,000. Kwa vipya, 2 kati ya 7,000. Ongezeko ni mtu mmoja katika watu elfu saba. Na ujauzito wenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile.

Hakuna aliyedanganya. “Mara mbili” ilikuwa kweli. Kilichokosekana ni: mara mbili ya nini?

Kwa hiyo, kila unapotamka asilimia ya ongezeko au upungufu, taja palipoanzia. Afadhali zaidi, achana na asilimia, hesabu watu: “kati ya watu 1,000 kama wewe, 6 hupata tatizo hili, wakifanya hivi, hupata 7.” Tumia kundi lilelile pande zote mbili; usiseme 1 kati ya 150 halafu 1 kati ya 140, maana hapo unampa mtu hesabu ya sehemu akiwa barabarani. Desimali punguza. Na namba zisizidi tatu katika maongezi ya dakika kumi. Ya nne hufuta ya kwanza.

Hatua ya 6: Pima maneno ya uhakika

Machi 2009, mji wa L'Aquila nchini Italia ulikuwa umetikiswa na matetemeko madogo kwa miezi. Tarehe 31 wataalamu wakakutana hapo. Kabla ya kikao, naibu mkuu wa idara ya ulinzi wa raia aliiambia televisheni kwamba hali ni nzuri, kwa kuwa nguvu ya ardhini ilikuwa ikitoka kidogokidogo. Sayansi haikusema hivyo. Tarehe 6 Aprili tetemeko kubwa likaua watu 309. Mwaka 2012 mahakama iliwatia hatiani wanasayansi sita pamoja na afisa huyo na kuwahukumu kifungo cha miaka sita kila mmoja. Mwaka 2014 wanasayansi wakaachiwa kwenye rufaa. Hukumu ya afisa ikapunguzwa hadi miaka miwili.

Wengi huisimulia kesi hii kama onyo la kukaa kimya. Mimi naiona kinyume. Wataalamu walijua vizuri kwamba hawawezi kutabiri, lakini “hatuwezi kutabiri” haikuwafikia watu kwa sauti kubwa kama ile ya “tulieni.” Mwenye ujuzi akinyamaza, kipaza sauti hakibaki kitupu.

Jitengenezee ngazi ya maneno na uifuate. Mimi hutumia hii: “tunajua” kwa jambo lililorudiwa na wengi, “ushahidi unaelekea” kwa jambo lenye tafiti kadhaa zinazokubaliana, “utafiti wetu huu mmoja umeona” kwa kilichotoka mezani kwangu, “nadhani” kwa maoni yangu. Na neno “umethibitisha” usilitumie kwa utafiti mmoja, hata kama ofisi ya uhusiano inalipenda.

Swali likitoka nje ya fani yako, sema hulijui na umtaje anayelijua. Mtaalamu wa udongo anapoanza kujibu maswali ya chanjo kwa kuwa tu anaitwa profesa, hapo cheo ndicho kinachosema.

Hatua ya 7: Chagua uwanja

Usianze na vyote. Kama unaandika vizuri kuliko unavyosema, anza na makala. Tovuti ya The Conversation, iliyoanzia Melbourne mwaka 2011, imejengwa kwa kazi hiyo: wanaoandika ni wanataaluma, wanaohariri ni waandishi wa habari, mwandishi hupitisha toleo la mwisho kabla halijatoka, na vyombo vingine huruhusiwa kuichapisha tena bure. Ubaya wake? Mhariri ataikata ile aya uliyoipenda. Mwache aikate.

Kama unasema vizuri, kuna redio, podikasti na mihadhara ya wazi. Mihadhara ya Krismasi ya Royal Institution, taasisi ya sayansi jijini London, imekuwapo tangu 1825, na mwanasayansi Michael Faraday peke yake aliitoa mara 19. Mojawapo ya mada zake maarufu ilikuwa mshumaa: aliuwasha, kisha akaanza kuuliza nta inakwenda wapi. Kitu kimoja, mezani, kinachoonekana. Kabla ya kufungua slaidi 40, tafuta mshumaa wako.

Mazoezi mazuri ni shindano lililoanzishwa na Chuo Kikuu cha Queensland mwaka 2008, ambako mwanafunzi wa uzamivu hueleza kazi yake kwa dakika 3 na slaidi 1 isiyosogea. Jifungie chumbani, weka saa, jirekodi. Utachukia sauti yako. Kila mtu huchukia. Sikiliza tu ni wapi umeanza kukimbia, maana hapo ndipo usipoamini unachosema, au usipokielewa.

Hatua ya 8: Ofisi ya mawasiliano na mwandishi wa habari

Tumezoea kuwalaumu waandishi wa habari kwa kutia chumvi. Mwaka 2014 jarida la tiba la BMJ lilichapisha uchunguzi wa taarifa 462 za utafiti wa afya zilizotolewa na vyuo vikuu 20 vya Uingereza. Asilimia 40 zilikuwa na ushauri uliozidi makala yenyewe, na asilimia 36 zilivuka mpaka katika kuhamisha matokeo ya wanyama kwa binadamu. Chumvi ilikuwa imetiwa jikoni, kabla sahani haijafika kwa gazeti. Tena watafiti hao hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba chumvi iliifanya habari iandikwe zaidi.

Basi taarifa inayotoka chuoni isome mwenyewe, neno kwa neno, hasa kichwa chake. Kama ni panya, neno “panya” liwe kwenye aya ya kwanza.

Mwandishi akipiga simu, muulize chombo gani, mahojiano ni ya moja kwa moja au ya kurekodiwa, na anataka lini. Wengi hawatakuonyesha habari kabla haijatoka, na wana sababu zao za kitaaluma. Lakini ukiomba kuhakiki namba na maneno yaliyonukuliwa, mara nyingi utakubaliwa. Jibu haraka. Simu uliyoirudisha kesho imeshapata mtu mwingine, na pengine anajua kidogo kuliko wewe. Chochote usichotaka kisomwe, usikiseme, hata baada ya kinasa sauti kuzimwa.

Hatua ya 9: Baada ya kusema

Wenzako watanong'ona kwamba umegeuka mtu wa televisheni. Carl Sagan, mwanafalaki aliyepata umaarufu kwa kueleza sayansi kwenye televisheni, alikataliwa uanachama wa Akademia ya Kitaifa ya Sayansi ya Marekani mwaka 1992, na wengi waliamini umaarufu wake ulimponza. Miaka miwili baadaye taasisi ileile ikampa nishani kwa utumishi wake kwa umma. Nong'ono hazina tiba ninayoijua, isipokuwa kuendelea kuchapisha.

Mtandaoni, mjibu anayeuliza, hata akiuliza kwa ukali. Anayetukana mwache. Kuwatofautisha si vigumu: wa kwanza ana alama ya kuuliza mahali fulani.

Ukigundua umekosea, sahihisha palepale ulipokosea, kwa tarehe, bila kufuta ya awali kimyakimya. Na uwe na daftari la maswali uliyoulizwa. Hutahitaji mengi kabla hujaona kwamba swali moja linarudi kila ukumbi, na kwamba wewe na wenzako hamjawahi kulichunguza.